Hadena ya Epoksi kwa Hewa ya Mombasa: Ipi Huacha Uso Safi?

Makopo ya epoksi yanayouzwa Mombasa, yawe ya rangi ya sakafu, ya gundi ya mashua au ya kumwagia meza, hutofautiana sana kwa majina na kwa bei, lakini kopo la kwanza, lile la resini, mara nyingi huwa na kitu kilekile: resini ya majimaji iliyotokana na bisifenoli A. Tofauti kubwa imo katika kopo la pili, la hadena, yaani kemikali inayoungana na resini na kuigeuza kuwa ngumu. Karibu hadena zote zinazokausha epoksi kwa joto la kawaida ni za jamii ya amini, na amini hizo hazifanani hata kidogo zinapokutana na hewa yenye unyevu. Mnunuzi huuliza nguvu, huuliza muda wa kukauka, huuliza bei, lakini ni nadra kuuliza uso wa kazi utakuwaje baada ya usiku mmoja wa pwani. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalostahili kutangulia hapa kwetu, kwa sababu nguvu zote za epoksi hazina faida iwapo mkono wa pili wa rangi utabanduka juu ya mkono wa kwanza.

Kinachotokea juu ya uso

Molekuli ya amini ina naitrojeni iliyoshika haidrojeni, na kila haidrojeni hiyo inaweza kufungua pete moja ya epoksi na kuungana nayo, hadi mchanganyiko mzima ukawa kitu kimoja kigumu kisichoyeyuka tena. Hilo ndilo linalokusudiwa. Lakini amini hiyohiyo, hasa ile yenye molekuli ndogo na mnyororo mnyofu, hupenda maji na huvuta kaboni dioksidi, kwa hiyo molekuli zilizo juu kabisa, zinazogusana na hewa, zina njia mbili: ziungane na resini, au ziungane na kaboni dioksidi na mvuke wa maji zigeuke chumvi, yaani kabamati na bikaboneti za amini. Chumvi hizo ndizo utando mweupe ambao fundi huukuta asubuhi, unaoteleza chini ya kidole kama sabuni, na mara nyingine wenye alama za duara pale matone ya umande yalipotua.

Hasara yake ni mbili, na ya pili ni mbaya zaidi kuliko ya kwanza. Kwanza, amini iliyokwisha kuwa chumvi haiungani tena na resini kwa joto la kawaida, kwa hiyo ngozi ya juu ya kazi hupungukiwa na hadena, hubaki laini, hupoteza mng'ao na huwahi kugeuka manjano. Pili, chumvi hiyo huyeyuka kwenye maji. Rangi yoyote itakayopakwa juu yake imekaa juu ya tabaka ambalo maji yanaweza kuliondoa, na ndiyo sababu sakafu inayoonekana nzuri siku ya kukabidhiwa huanza kubanduka vipande vipande baada ya miezi michache ya kupigwa deki.

Maelezo mengi yanayokuja na makopo haya yameandikwa kwa nchi za baridi, na huueleza utando huu kama ugonjwa wa majira ya baridi, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya resini na kuipa hewa muda mrefu wa kuishambulia amini. Mombasa hatuna baridi ya namna hiyo. Usiku wetu kwa kawaida hauteremki chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Tulicho nacho ni maji hewani. Kanuni inayofuatwa na wapaka rangi wa viwandani ni kwamba joto la uso unaopakwa lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka matone, kwa nyuzi 3 angalau, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Chukua asubuhi ya masika ndani ya godauni la Shimanzi, hewa ikiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 90: kiwango cha umande ni kama nyuzi 23.2, kwa hiyo zege lazima liwe na nyuzi 26.2 au zaidi, ilhali lenyewe limelala usiku kucha na huenda halijafika 25. Hapo hapapakwi kitu. Adhuhuri hewa ikifika nyuzi 30 na unyevu ukishuka hadi asilimia 70, umande ni kama nyuzi 24, na zege lenye nyuzi 27 linakubalika. Tazama kwamba ni joto la zege linalohesabiwa. Joto la hewa peke yake halitoshi, na kipimajoto cha uso ni kifaa kinachorudisha gharama yake katika kazi ya kwanza.

Amini nyofu: DETA na TETA

Hizi ndizo kongwe, nyepesi, kali na za bei nafuu. Molekuli zake ni ndogo: DETA (diethylenetriamine) ina haidrojeni 5 za kuungana na TETA (triethylenetetramine) ina 6, kwa hiyo sehemu 100 za resini ya kawaida huhitaji takriban sehemu 11 tu za DETA au 13 za TETA kwa uzito. Hukausha haraka, na kazi iliyokauka ni ngumu na hustahimili viyeyushi vingi. Kwa upande wa uso, hata hivyo, ndizo mbovu kuliko zote katika ulinganisho huu. Zinavuta maji, zina mvuke, na naitrojeni zake za pembeni ziko wazi bila kizuizi, hivyo kaboni dioksidi huzifikia bila taabu.

Uchache wa hadena inayohitajika huleta hatari ya pili ambayo kwa Mombasa naiona kubwa kuliko ile ya hewa. Mafundi wengi wa faiba hapa wamejifunza kazi kwa resini ya poliesta, ambayo hukaushwa na katalisti (kichocheo) kidogo, asilimia moja au mbili, na fundi akiiongeza kidogo kazi hukauka upesi zaidi. Anapohamia epoksi, mkono wake huendelea na desturi hiyo: mawingu yakitanda anaongeza hadena. Lakini hadena ya epoksi si kichocheo. Ni nusu ya muungano wenyewe, na kila tone linalozidi kipimo halina pete ya kuungana nayo. Hubaki huru ndani ya kazi, hupanda juu, na huko hukutana na hewa. Kosa la gramu 3 katika gramu 13 ni karibu robo nzima ya kipimo. Anayeamua kutumia TETA anunue mizani ya kidijitali kwanza. Kijiko na kifuniko cha soda havifai.

Je, hadena hizi hazina mahali pake? Zinapo, pale ambapo uso haugusani na hewa: gundi kati ya mbao mbili zilizobanwa, kujaza ufa, kushikiza chuma ndani ya zege. Katika matengenezo ya mashua ya faiba zinaweza kutumika pia iwapo tabaka la juu litafunikwa kwa kitambaa cha nailoni cha kubandua, ambacho hung'olewa baada ya kukauka pamoja na utando wote na kuacha uso mkavu wenye mikwaruzo ya kushikia. Kwa sakafu ya wazi au rangi ya mwisho, sizipendekezi kabisa.

Poliamaidi

Hapa amini imeunganishwa na asidi za mafuta ya mimea, ikapata mwili mkubwa, mzito na usiopenda maji. Haipandi juu kwa urahisi, haina mvuke mkali, na kipimo chake ni kikubwa kiasi kwamba bidhaa nyingi huchanganywa moja kwa moja kwa ujazo, jambo linalopunguza makosa ya mizani. Uso wake una utando mdogo kuliko wa amini nyofu, filamu yake ina unyumbufu, na huvumilia maji kwa muda mrefu. Kwa vyuma vya kawaida, mageti, mihimili ya paa na matangi ya nje, ni chaguo la kutegemewa.

Inataka subira. Baada ya kuchanganywa, rangi nyingi za aina hii huachwa zitulie kati ya dakika 15 na 30 kabla ya kupakwa, ili poliamaidi na resini zianze kuungana. Zikipakwa mara moja, hutengana kidogo juu ya uso na sehemu ya hadena hujitokeza kama jasho la kunata. Fundi aliyebanwa na muda huiruka hatua hii kwanza kabisa, na mwenye kazi anapaswa kuisimamia mwenyewe. Joto letu hufupisha kusubiri huko, na karatasi ya maelezo ya bidhaa husema ni kwa kiasi gani. Kasoro yake kubwa ng'ambo ni kwamba husimama kukauka kwenye baridi, na kasoro hiyo hapa haituhusu. Inayotuhusu ni kwamba hukauka polepole hata kwenye joto, hivyo mvua ya ghafla ya jioni huikuta bado mbichi na kuiachia madoa meupe.

Fenalkamini, yenye asili ya korosho

Yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa moto anayajua mafuta ya ganda lake, yale meusi yanayoruka na kuunguza vidole. Mafuta hayo yana asidi ya anakadi, ambayo ikipashwa moto hupoteza kaboni dioksidi na kuwa kadanoli, na kadanoli ikiunganishwa na fomaldehidi na amini huzaa hadena iitwayo fenalkamini. Pwani yetu, tangu Kwale na Kilifi hadi Lamu, ina mikorosho tele, na inanisikitisha kwamba ganda ambalo kwetu ni taka ni malighafi ya kopo linalotufikia kwa meli.

Sababu ya ubora wake imo katika umbo. Kadanoli ina mkia wa kaboni 15 usiopenda maji, na pia ina kundi la fenoli linaloharakisha muungano wa amini na epoksi. Kwa hiyo mambo mawili tunayoyahitaji hupatikana kwa pamoja: maji hufukuzwa na uso, na amini huwahi kuungana kabla hewa haijaipata. Hupakwa kwenye zege lenye unyevunyevu na kwenye chuma ambacho hakikukauka kikamilifu, mradi hakina maji yanayosimama, na huacha utando kidogo sana au hakuna kabisa. Muda wake wa kupokea mkono unaofuata pia ni mrefu, jambo ambalo ni nafuu kubwa mvua inapositisha kazi kwa siku mbili. Ndiyo sababu hutumika sana ndani ya matangi ya meli na kwenye miundo ya bandarini.

Sifa inayotangazwa zaidi kwenye vipeperushi vyake, kukauka hata karibu na nyuzi sifuri, mnunuzi wa Mombasa asiilipie wala asiizingatie. Anacholipia ni uvumilivu wa maji. Na aikubali kasoro yake mapema: rangi yake ni nyekundu ya kahawia, na juani hukolea zaidi. Haifai kwa sakafu nyeupe ya zahanati wala kwa kitu chochote kinachotakiwa kuonyesha mbao chini yake. Ni hadena ya praima, yaani mkono wa kwanza wa rangi, ya tumbo la mashua, ya nguzo zilizo karibu na maji ya chumvi, ya mahali ambapo rangi nyingine itakuja juu.

Amini za pete, na tahadhari ya neno moja kwenye karatasi

Kwa sakafu zinazoonekana, katika maduka, hospitali na nyumba za Nyali, hadena inayotumika zaidi ni ya jamii ya amini za pete, ambazo kaboni zake zimejipanga kama duara, hasa IPDA (isophorone diamine). Ina rangi nyepesi, mng'ao mzuri, na hustahimili kemikali. Wauzaji husema haina utando, na kauli hiyo ni kweli nusu. IPDA tupu, isiyotengenezwa zaidi, hushika kaboni dioksidi vizuri tu na huweza kuacha uso wenye ukungu. Inayofanya vyema ni ile iliyokwisha kuunganishwa kiwandani na sehemu ndogo ya resini, ambayo karatasi za kitaalamu huiita adakti, kwa kawaida ikiwa imeongezwa alkoholi ya benzili ili iwe nyepesi na ikamilishe kuungana kwa joto la kawaida. Adakti ina amini huru chache, mvuke mdogo na molekuli kubwa zaidi, na tofauti ya uso wake na wa IPDA tupu huonekana kwa macho.

Mnunuzi ataijuaje? Aombe karatasi ya usalama ya hadena, si ya resini, na afungue sehemu ya 3, inayotaja viungo. Majina ya biashara hubadilika, lakini nambari za utambulisho za kemikali hazibadiliki: 111-40-0 ni DETA, 112-24-3 ni TETA, 2855-13-2 ni IPDA. Karatasi ikionyesha IPDA kwa asilimia kubwa bila kutaja zao lolote la kuunganishwa na resini, basi hiyo iko karibu na ile tupu. Ikionyesha DETA au TETA kama kiungo kikuu katika bidhaa inayouzwa kuwa ya sakafu ya mapambo, muuzaji ana maswali ya kujibu. Duka lisiloweza kutoa karatasi hiyo ni afadhali kuachana nalo.

Polietha-amini, kwa ufupi

Nambari 9046-10-0 ni ya polietha-amini, hadena nyepesi na angavu inayotumika kumwagia meza za mwembe na mvule. Huhitaji takriban sehemu 32 kwa 100 za resini ikiwa ni ile ndogo ya kawaida. Katika mmwago mnene hujipasha joto yenyewe na kukauka vyema, lakini mkono mwembamba wa mwisho hubaki mbichi kwa muda mrefu, na kila saa ya ubichi ni saa ya unyevu na vumbi. Imwagwe ndani ya chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi, au isimwagwe wakati wa masika.

Nini kwa kazi gani

Sakafu ya godauni ndiyo kazi yenye mvutano wa kweli, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Tukizingatia umande pekee, tungeanza saa nne asubuhi ili epoksi ishikane kabla unyevu wa jioni haujapanda. Lakini zege linalopata joto hupumua: hewa iliyomo ndani ya vitundu vyake hutanuka, hutoka, na kuacha vishimo kama vya sindano katika rangi. Kwa hiyo ratiba nzuri kwa upande mmoja ni mbaya kwa upande mwingine. Suluhisho ninaloliamini ni kutumia hadena mbili tofauti. Praima iwe ya fenalkamini na ipakwe alasiri, zege linapoanza kupoa na kuvuta hewa ndani, kwa sababu hadena hiyo haitishiki na usiku. Lakini kanuni ya umande ibaki palepale. Mkono wa mwisho uwe wa adakti ya IPDA, upakwe siku inayofuata mara tu zege litakapozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3, juu ya vitundu vilivyokwisha kuzibwa. Gharama hupanda kidogo, lakini kila hadena inafanya ile kazi inayoiweza.

Wakati wa kukauka, mashine za mafuta ziondoke humo ndani. Jenereta, forklifti au jiko la gesi katika godauni lililofungwa hutoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji kwa pamoja, yaani vile viwili vinavyounda utando, na nimeona sakafu yenye ukungu mweupe upande mmoja tu, ule uliokuwa karibu na jenereta.

Kwa mashua ya faiba inayotengenezwa ufukweni, ambako hakuna namna ya kuidhibiti hewa, fenalkamini ndiyo chaguo langu chini ya mstari wa maji, na poliamaidi juu ya mstari huo iwapo bajeti ni ndogo. Anayekusudia kurudisha jelkoti ya poliesta, lile tabaka la nje la rangi linalong'aa, juu ya kiraka cha epoksi awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa amini huru juu ya uso huizuia poliesta isikauke. Kiraka kioshwe, kipigwe msasa, na ikiwezekana apake rangi ya poliurethani badala ya jelkoti.

Utando ukishatokea

Kwanza ithibitishwe kama ni utando kweli. Mwaga maji safi kidogo juu ya uso, subiri dakika chache, kisha gusisha karatasi ya kupimia asidi na ulinganishe na maji yenyewe: ikigeuka upande wa alkali, kuna amini au chumvi zake. Kisha sugua kwa maji ya vuguvugu na sponji ngumu. Uso ukiwa mkavu na mgumu baada ya hapo, ulikuwa utando. Ukibaki unanata, tatizo ni kipimo kilichokosewa au mchanganyiko usiokorogwa vizuri, na maji hayatasaidia. Hiyo ni kazi ya kukwangua.

Kuosha kunatangulia msasa, daima. Msasa ukitangulia, karatasi yake huziba na utando husukumwa ndani ya mikwaruzo. Thina nayo haifai kwa kuanzia, kwa sababu chumvi hizi haziyeyuki vizuri ndani yake. Huishia kusambazwa tu. Na maji yenyewe yawe matamu. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na chumvi hiyo ikikauka chini ya rangi huvuta unyevu kupitia filamu na kuinua malengelenge, kwa hiyo maji ya mfereji au ya mvua yanunuliwe au yahifadhiwe kwa kazi hii. Uso ukaushwe kwa kitambaa cheupe kabla maji hayajajikaukia yenyewe, maana yakijikaukia huirudisha ile chumvi palepale ilipokuwa.

Glavu za naitrili zivaliwe katika kuosha kama zilivyovaliwa katika kuchanganya. Amini huunguza ngozi, na zaidi ya hapo huweza kuufanya mwili uikatae kwa mzio. Fundi aliyefikia hali hiyo huvimba na kuwashwa kwa kukaribia kopo tu, na hawezi tena kuifanya kazi ya epoksi.

Mwisho, hadena iliyobaki. Kopo likiachwa wazi kwenye rafu, ukingo wake hufanya gamba jeupe, nalo ni kabamati ileile, iliyoundwa kabla hata hadena haijachanganywa. Gamba hilo lifutwe lisidondokee ndani, kifuniko kikazwe mara tu baada ya kumimina, na hadena ambayo imeshakuwa na ukungu au chembe nyeupe chini itumike kujazia nyufa zilizofichika, isiguse kazi ya uso.